Sote Tulizaliwa Januari Mosi

Nyumbani kwetu tuko wanne, na kwa mujibu wa serikali ya Marekani sote tulizaliwa Januari mosi. Miaka inatofautiana, tarehe haitofautiani. Kila mwaka mpya simu zetu zinaanza kulia moja baada ya nyingine: duka la dawa linatupongeza, benki inatupongeza, daktari wa meno anatupongeza. Mgeni akituona anadhani mama yetu alikuwa na mpango maalumu. Hakuwa nao. Alikuwa na shamba la mihogo na mahindi milimani, upande wa Kongo, na alikufa mapema. Baba akamfuata. Mimi mkubwa nikaacha shule nikiwa darasa la sita, nikawalea waliobaki.

Tulipovuka ziwa na kufika kambini Tanzania, karani alituuliza tarehe za kuzaliwa. Mimi nilikuwa na mvua, mavuno na misiba. Yeye alikuwa na visanduku vitatu vidogo vya kujaza. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali, akaandika Januari mosi kwa wote, akaita mwingine. Sikumlaumu. Nusu ya watu wa kanisa letu hapa Irving, kando ya Dallas, walizaliwa siku hiyohiyo. Tungeweza kukodi ukumbi mmoja na keki moja.

Kwa miaka mingi tarehe hiyo ilitutumikia bila kulalamika. Ilitupa leseni za udereva, ikatupa kazi, ikatupa uraia. Ilikuja kutusumbua mara moja tu, mdogo wangu wa mwisho alipotaka kuoa.

Msichana mwenyewe ni Mhindu wa Houston, Mgujarati. Walikutana hapa Irving, kwenye ofisi ambako wote wawili wanaangalia kompyuta mchana kutwa, wakihesabu maboksi ambayo mimi, ghalani karibu na uwanja wa ndege, nayabeba. Ni msichana mzuri. Siku ya kwanza alipokuja kwetu alikula ugali kwa mkono kama aliyezaliwa nao, kisha akaosha vyombo bila kuambiwa. Wazazi wake hawakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa bibi yake, mama wa baba yake, na msichana hakunificha. Aliniambia jikoni kwangu, kwa Kiswahili alichojifunza kwa huyo bibi, mdogo wangu akakinyoosha:

"Bibi akikataa, dada, mimi siolewi. Nitalia sana, lakini siolewi."

Bibi huyo alizaliwa Mwanza, dukani kwa baba yake, akakulia nyuma ya kaunta. Nilitegemea angeuliza kabila letu, au dini, au kwa nini sisi weusi hivi. Hakuuliza hata kimoja. Aliuliza mambo matatu tu: mdogo wangu alizaliwa siku gani, saa ngapi, na mahali gani. Kwao huwezi kuoa kabla nyota zako hazijawekwa kando ya nyota za mwenzako zikalinganishwa.

Mdogo wangu akatoa anachokijua. Tarehe akaweka Januari mosi. Saa aliiacha wazi, na programu ya kwenye simu isiyopenda pengo ikamwandikia usiku wa manane. Kijiji chetu haikukijua, kwa hiyo akachagua mji wa karibu, ambao kwa miguu ni safari ya siku mbili. Nyota zikapangwa. Pointi za kulinganisha ni thelathini na sita, na anayepata chini ya kumi na nane amefeli. Mdogo wangu, ambaye hajawahi kufeli mtihani wowote tangu nimpeleke shule ya kambini akiwa amevaa shati langu, alipata tisa.

"Tisa!" nikasema. "Hata mimi niliyeacha shule nilikuwa napata zaidi."

"Yaya," akasema, kwani kwetu dada mkubwa huitwa hivyo, "hii si ya kucheka."

"Sicheki. Nashangaa tu. Kumbe nyota nazo zina mwalimu."

Siku mbili baadaye bibi mwenyewe akanipigia. Nilikuwa kwenye mapumziko, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkate mkononi.

"Wewe ndiyo dada kubwa?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Mjukuu yangu nasema nyinyi yote nazaliwa siku moja. Hapana kweli. Hata mbuzi hapana zaa hivyo."

"Ni karatasi tu, bibi."

"Mimi hapana taka karatasi. Nani naona huyu kijana nazaliwa? Mama iko?"

"Mama hayupo. Niko mimi."

Nikasikia bangili zake zikigongana.

"Basi kuja wewe. Jumamosi. Lakini hapana ingia kwangu saa mbaya."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusomeshwa kalenda ya Kihindu, kwa simu, kila mapumziko, kwa wiki nzima. Bibi hakuwa na mwanafunzi mwingine. Wajukuu wake wanamsikiliza jicho likiwa kwenye simu.

Nilichoelewa ni hiki. Siku yao inaanza jua likichomoza, si katikati ya usiku watu wakiwa wamelala. Hapo nilimwambia kwamba hata sisi saa yetu ya kwanza ni jua limetoka, akafurahi kana kwamba nimemletea zawadi. "Mswahili na akili," akasema. "Mzungu naanza siku gizani, kama mwizi." Kisha kuna tarehe, lakini tarehe hiyo haifuati ukuta wala simu, inafuata mwezi wa angani: kumi na tano za mwezi unapokua, kumi na tano za mwezi unapofifia. Na kwa kuwa mwezi hauna adabu ya saa, tarehe moja inaweza kuanza mchana wakati wa chakula. Nyingine inarukwa kabisa. Nyingine inakaa siku mbili. Na baada ya miaka kadhaa, mwezi mzima unaongezwa ili majira yasipotee njia. Nikamwambia shifti za ghala letu zinapangwa hivyohivyo, ila sisi hatuna kasisi wa hekaluni wa kumuuliza kama yeye.

Kwa ujumla ni vitu vitano: siku ya juma, tarehe ya mwezi, kundi la nyota ambamo mwezi umelala, na vingine viwili ambavyo alinieleza mara mbili na mara mbili nikaitikia tu.

Vyote hivyo hutegemea mahali ulipo, na hapo bibi mwenyewe aliwahi kuteleza. Mwaka wake wa kwanza Houston aliifuata kalenda iliyochapishwa Gujarati, kule India, akafunga kula siku nzima kwa ibada ambayo kwa jua la Texas haikuwa siku hiyo. Kesho yake akagundua, akafunga tena. "Mungu nadaiwa siku moja na mimi," aliniambia. "Mimi hapana sahau."

Na saa mbaya? Kila siku ina kipande chake, kama saa moja na nusu hivi, ambacho zimwi fulani la angani linakitawala. Ndani yake huanzi safari, huanzi kazi, huweki mkataba. Kipande hicho kinahama kulingana na siku. Jumatatu kinaangukia asubuhi, mara tu baada ya siku kuanza. Mtu yeyote anayeendesha gari Dallas Jumatatu asubuhi anajua jambo hilo bila kuinua macho mbinguni.

Mchungaji wetu alipopata habari alinishika mkono baada ya ibada. "Dada mkubwa, sisi Wakristo hatuongozwi na nyota."

"Na wale mamajusi, mchungaji?"

Akakohoa. Akasema mamajusi walikuwa jambo la pekee. Kisha akaniomba niwakumbushe vijana wa kwaya kwamba mazoezi ni saa nane kamili, ili waweze kufika saa kumi.

Lakini mdogo wangu hakuwa anacheka na mtu. Alikuwa amekonda. Jioni akirudi kazini anafungua kompyuta, anaandika, anafuta, anaandika. Nilidhani ni kazi ya ofisi.

Jumamosi tuliondoka Irving saa kumi na mbili asubuhi, yeye kwenye usukani, mimi na chupa ya chai. Barabara ya Houston ni ndefu na haina la kusimulia: malisho, mabango, vituo vya mafuta vikubwa kama soko, malisho tena. Tulikwenda vizuri kupita kiasi. Saa nne tulikuwa tumeingia mjini, na saa mbaya ya siku ile, kwa jua la Houston, ilikuwa haijaisha mpaka karibu saa tano. Tukaingia kwenye kituo cha mafuta, hatua chache kutoka mtaa wa bibi, tukazima gari. Watu wazima wawili, tukiwa na nguo za kanisani, tunangoja zimwi lipite.

Ndani ya saa hiyo mbaya ndipo mdogo wangu alipofungua mdomo.

"Yaya, nilipata siku nyingine."

"Siku gani?"

"Ya kuzaliwa. Nilitengeneza programu. Nimeipitisha mwaka mzima, kila siku, kila saa. Kuna siku moja mwezi wa tatu, asubuhi, inatoa thelathini na mbili. Thelathini na mbili, yaya! Watu wanatafuta hiyo maisha yote."

Nikamtazama. Nimewahi kuona watu wakitafuta tiketi ya ndege ya bei nafuu namna hiyo, usiku na mchana, wakibadilisha siku na saa. Sikujua kwamba hata kuzaliwa kunaweza kutafutwa.

"Hukuzaliwa mwezi wa tatu."

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Ndiyo maana nakuomba. Wewe sema tu mwezi wa tatu. Basi."

"Nitafikiri."

"Hakuna kufikiri," akasema, na akaanza kucheza na funguo. "Nilishamtumia bibi. Juzi. Nilimwambia ni wewe umeikumbuka, eti uliuona mwezi."

Hapo nikaanza kuliheshimu lile zimwi. Kumbe linafanya kazi yake hata ukijificha kwenye kituo cha mafuta. Sasa nikisema kweli, mdogo wangu ni mwongo mbele ya wakwe. Nikisema uongo, anaoa. Mtoto huyu nilimbeba mgongoni tukivuka ziwa. Nilimlisha kabla sijala. Kuna kitu gani duniani ambacho nisingemfanyia? Nilikaa nikakitafuta kitu hicho, na ajabu, nikakipata: siwezi kumtengenezea asubuhi nyingine. Ile moja niliyonayo ndiyo kitu pekee alichoachiwa na mama, na kimehifadhiwa kichwani mwangu, si mahali pengine.

"Sitasema mwezi wa tatu," nikamwambia.

"Yaya!"

"Washa gari. Saa tano inafika."

Bibi alikuwa mdogo wa umbo, mweupe wa nywele, amekaa kwenye meza ya jikoni na miwani mbili: moja machoni, nyingine kichwani. Mbele yake kalenda iliyochanika pembeni, simu, na sahani ya viazi vya kukaanga vyenye ndimu. Mkwe mtarajiwa, baba wa msichana, alitusalimia, akasogea ukutani kama mtu anayesubiri matokeo ya daktari. Msichana alitushika mikono, ya kwake baridi.

"Kaa," bibi akaniambia. "Kula. Kijana, wewe pia kaa, wewe nafanana na mgonjwa." Kisha hakupoteza muda. "Kijana nasema mwezi wa tatu, asubuhi. Nasema dada nakumbuka. Wewe nasema nini?"

Nikarudisha kiazi sahanini.

"Huyo wa mwezi wa tatu simjui, bibi," nikasema. "Mimi nilimpokea wa mahindi magotini."

Mdogo wangu akaweka uso viganjani. Baba wa msichana akatazama dari. Bibi akavua miwani ya machoni na kuvaa ya kichwani.

"Sema."

Nikasema. Nikasema kwamba shule ilikuwa imefunguliwa mwezi uliotangulia, na kwetu shule hufunguliwa mwezi wa tisa. Mvua ilikuwa imeshika, mahindi yalikuwa yamefika magotini, na mama alikuwa ameacha kupalilia kwa sababu tumbo halikumruhusu kuinama. Nilikuwa nimevaa sare. Mkunga, shangazi wa baba, alinifukuza nje na ndoo, niende kisimani. Nikasimama uani. Kengele ya shule ikalia ng'ambo ya bonde, nikajua nimechelewa na nitaandikwa mtoro, na kweli niliandikwa. Upande wa machweo, juu ya vilima, mwezi ulikuwa bado upo, mzima, mweupe kama muhogo uliomenywa. Nikawa nautazama huo mwezi ndipo nikasikia kilio.

"Jua natoka, ama bado?" bibi akauliza. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Uani kwetu bado. Kuna mlima mkubwa mashariki, jua letu huchelewa. Lakini kulikuwa kweupe, na kengele ya shule haiwezi kulia gizani. Kwenye kalenda yako nadhani limetoka."

"Mlima," bibi akasema, na akacheka kwa mara ya kwanza. "Hii simu hapana jua mlima."

Akampigia kasisi wake. Walizungumza Kigujarati kirefu, bibi akinionyesha kwa kidole kila mara kana kwamba kasisi ananiona. Nilisikia neno moja likirudiwa; msichana alininong'oneza kwamba ni mwezi mpevu, na kwamba mwezi mpevu wa majira yale, mvua zinapoisha kwao, ni sikukuu, watu hula wali wa maziwa ulioachwa nje kwenye mbalamwezi. Nikafikiri juu ya ndoo yangu tupu uani. Nisingejua kama ni sikukuu hata ungeniambia.

Kasisi alisema atapiga tena. Tukanywa chai. Mdogo wangu hakunitazama, na mimi sikumlazimisha. Nilikula viazi, kwa sababu vilikuwa vitamu na kwa sababu mtu fulani mezani pale alipaswa kuonekana ana njaa.

Simu ikalia. Bibi akasikiliza, akaandika, akakata.

"Kumi na nane," akasema.

Tukatazamana. Kumi na nane, kati ya thelathini na sita. Si moja zaidi. Kijana wa kompyuta alikuwa amepita kwa alama ileile niliyopitia mimi darasa la nne, alama ambayo mwalimu husema: nenda, lakini usirudi kujisifu.

"Bibi," mdogo wangu akaanza, "ile ya mwezi wa tatu, mimi..."

"Thelathini na mbili mimi naogopa," bibi akamkatiza. "Mume yangu na mimi napata thelathini na moja. Kasisi nalia kwa furaha. Miaka arobaini sisi nagombana sababu ya chumvi." Akafunga kalenda kwa kiganja. "Kumi na nane kweli natosha. Lakini wewe, siku nyingine danganya vizuri. Ile asubuhi yako mwezi hapana hata kuwa mbinguni. Mimi naangalia juzi."

Msichana akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Baba yake akaondoka ukutani, akamkumbatia mdogo wangu vibaya, kama mtu anayebeba godoro. Mimi nikaomba kiazi kingine.

Ndipo bibi akafungua tena kalenda. Alitaka kutafuta siku ya harusi, na kwa kuwa mimi ndiye nitakayesimama mahali pa mama, nyota zangu nazo ziwepo.

"Sasa wewe. Wewe nazaliwa lini?"

"Januari mosi, bibi."

"Achana na Januari. Kweli."

"Kweli sijui."

"Hata mwezi? Mvua? Mahindi?"

"Mimi ndiye wa kwanza," nikasema. "Walioniona hawapo. Waliobaki wote niliwaona mimi."

Bibi alishika kalamu juu ya karatasi, akaangalia pale ambapo jina langu lingeandikwa, kisha akaweka kalamu chini na kunisogezea sahani yote.

Siku njema ikaangukia Alhamisi, asubuhi, katika kipindi kifupi ambacho kasisi alisema hakirudi mwaka ule. Alhamisi! Watu wetu wanafanya kazi Alhamisi. Kanisa zima likaomba ruhusa, na mimi nikabadilishana shifti na mama mmoja ambaye mpaka leo ananikumbusha. Tukijuana wenyewe, tuliwaambia watu wa Dallas saa iliyotangulia ile halisi kwa mbali sana. Mchungaji, asiyeongozwa na nyota, alikuwa wa kwanza kufika. Alilala kwenye gari. Moto wa ndoa ukawashwa kwa wakati wake, na nikamimina mchele mahali nilipoambiwa nimimine, nikiwa nimesimama mahali pa mama, na mdogo wangu akanitazama siku ile, akanitazama sawasawa.

Januari iliyofuata simu zikaanza kama kawaida. Benki ikanipongeza mapema. Duka la dawa likafuata. Daktari wa meno hakusahau. Nikapika, nikala na wadogo zangu, nikaanza kukunja nguo. Jua lilikuwa limepita utosini ndipo Houston ikapiga.

"Heri ya kuzaliwa," bibi akasema. "Mimi najua si leo."

"Asante, bibi."

"Nataka piga toka asubuhi. Nangoja saa mbaya napita."